Afishi ya zamani iko na mikunjo: feri (pasi), maji na uzito, ao kubandika ku nguo?

Katuba_Deux
Yambo benyewe. Niko na afishi ya zamani ya mpira, ya wakati Mazembe, timu ya huku Lubumbashi, ilikuwa ingali inaitwa Englebert, niliikuta mu valizi ya marehemu nkambo, ilikunjwa mara nane na mikunjo imekamata kabisa. Kuko mukubwa mumoja anataka kuinunua, anarudia Ubelgiji wiki ijayo, anasema nikiinyoosha ataongeza kitu. Nimesikia njia tatu: kupiga feri, kulowesha kidogo na kuweka chini ya kintu kizito, ao kuibandika yote ku nguo. Ipi njo muzuri? Asanti.

yaya_Kamalondo
Picha iko wapi? Ukubwa gani? Karatasi inang'aa ao ni ya kawaida? Ni wino ya mashini ao rangi ya mukono? Unaomba dawa na mugonjwa umemuficha mu nyumba.

Soudeur_Kipushi
Feri, bila maneno mingi. Moto ya chini kabisa, bila mvuke, unapiga ku mugongo, bivare juu na bivare chini (ile karatasi tulitumiaka ku shule kunyonya wino). Nilifanya ramani tatu za zamani vile, dakika kumi imeisha.

MamaYaPicha
Soudeur, mutoto yangu, acha kupoteza bantu. Miye nilikuwa na afishi ya muziki ya baba, ya miaka ya 70, karatasi ile yenye kung'aa, sura ya mwimbaji imejaza afishi yote. Kaka yangu akasema ni kazi ndogo, akainyunyizia maji, hakukuwa bivare akatia magazeti juu na chini, akapiga feri, kuranti ikakatika, akaiacha pale na feri juu yake akaenda kunywa. Asubuhi tunafungua, gazeti imeshikamana na afishi sawa ngozi. Ile karatasi inang'aa juu iko na unga mweupe wamepaka, ikilowa inageuka kole, ikikauka na kintu imeigusa haiachani tena. Tulivuta polepole, pua yote ya mwimbaji ikabaki ku gazeti, na ku paji la uso wino ya gazeti ikaingia, tangazo ya mifuko ya simenti, herufi zimegeuka kinyume. Hata leo ukitaka kuisoma unakamata kioo. Baba alikaa siku mbili bila kusemesha kaka yangu na afishi ile ilikuwa hata si ya bei.

Soudeur_Kipushi
Mama pole lakini kosa haikuwa ya feri, ilikuwa ya maji na ya gazeti na ya pombe.

mwalimu_mstaafu
Karatasi ni nyuzi. Ukikunja, nyuzi zinavunjika, na feri haiziungi, inazilaza tu. Maji ndiyo inazilegeza, lakini maji ya hewa, siyo ya kunyunyizia. Kamata basini kubwa yenye kufunikwa, chini weka taulo imelowa na kukamuliwa, juu yake kichanja, juu ya kichanja afishi isiguse taulo. Saa chache karatasi inakuwa laini kama nguo. Toa, weka kati ya bivare mbili, juu kioo, juu ya kioo vitabu. Bivare ya kwanza badilisha kisha saa moja, zingine kila siku, wiki nzima. Usifupishe, hasa mwezi wa saba huku kwetu hewa kavu, kando zinakauka mbele ya katikati na inapinda upya. Mbele ya yote jaribu wino: pamba na tone moja ya maji ku kona, rangi ikitoka, simama. Na ujue ule mustari mweupe utabaki, pale wino ilianguka kabisa.

Lupopo_hadi_kaburi
Samahani, nani analipa pesa juu ya Englebert? Kombe ya Afrika ya 1967 Kotoko ya Ghana hawakuya ku mechi ya kurudia, ndio ile munafurahia?

yaya_Kamalondo
Na 1968 je? Étoile Filante ya Togo walikula tano bila. Leta afishi ya Lupopo, timu yenu, ya kombe ya Afrika tuinyooshe pia, tunangoya.

Lupopo_hadi_kaburi
Kule kwao mulikula ine kwa moja, hiyo huisemi. Na jina yenyewe Englebert ilikuwa ya kampuni ya pneu (mipira ya motokari) 😂

Kadre_na_Vitre
Turudi ku afishi. Kubandika ku nguo, kazi ya kweli, ni nguo, juu yake karatasi ya Kijapani, kisha afishi, na kole ya amido (wanga) inayotoka na maji siku ukitaka. Huku mujini watakubandikia ku triplex (ubao mwembamba) na kole nyeupe ya mbao, hiyo haitoki milele. Na hata ile ya amido, mende wanaipenda sawa fufu. Miye ningeiacha na mikunjo yake, kadre, na kartoni ya kuzunguka ili isiguse kioo.

Katuba_Deux
Asanti wote. Haing'ai, ni kama 60 kwa 80. Nilisahau kusema nyuma kuko skochi ya zamani imekuwa rangi ya kahawa, na nkambo aliandika na biki, ni listi ya bantu na makuta walichanga.

mwalimu_mstaafu
Hiyo ungeanza nayo! Feri tupa mbali, moto itasukuma kole ya skochi ipenye hadi mbele. Dawa ya kutoa kole, asetoni na ndugu zake, inayeyusha biki.

Kadre_na_Vitre
Na ukiibandika ku nguo maandishi ya nkambo yanafunikwa. Huyo mukubwa wa Ubelgiji ameona nyuma?

Katuba_Deux
Hapana, nilimuonyesha mbele tu. Majina ni kumi na moja, juu wameandika "kamiyo ya stadi". Ya tisa siwezi kusoma, mukunjo imepita mulemule.

MamaYaPicha
Inaanza na herufi gani? Baba alikuwaka Katuba wakati ile.

Soudeur_Kipushi
Kama ni moto ya chini kabisa haina shida.

Lupopo_hadi_kaburi
Mi pia natafuta jina ya nkambo yangu, alikuwa wenu mbele ya kupata akili. Tuma picha ya nyuma.

yaya_Kamalondo
Picha niliomba tangu asubuhi.