Mrejesho: ile ndege ya rimoti iliyokuwa ikitetemeka mkia

Ndugu zangu, nilileta swali hapa kuhusu ndege yangu ndogo ya rimoti: kila nikiirusha ufuoni Malindi mkia unatetemeka wenyewe, na siku moja ilikata mawasiliano ikaanguka mchangani. Asanteni sana mlionijibu, nimepata dawa.

Kabla ya kugusa chochote niling'oa propela, kama mlivyosisitiza. Jamani, msilipuuze hili. Nilipochomeka betri mota ilizunguka ghafla, na vidole vyangu vilikuwa hapohapo.

Shida kubwa ilikuwa risiva, kile kifaa ndani ya ndege kinachopokea mawimbi ya rimoti. Niliibana juu ya betri, nyaya zake mbili za antena zimekunjwa pamoja. Nimeihamisha mbali na betri na kidhibiti cha mota, nikaizungushia sponji, antena nikazitandaza moja ikielekea mbele na nyingine kando, kwa pembe ya nyuzi 90. Plagi ya servo ya mkia, kimota kidogo kinachosogeza kibao cha mkia, nayo ilikuwa imeota kutu ya kijani, chumvi ya bahari hiyo. Nimeibadilisha.

Halafu nikazima rimoti makusudi, propela bado imetoka, na mota ikaendelea kunguruma! Nimeipanga upya risiva, sasa ikipoteza mawimbi, mota inazima.

Jana alfajiri, kusi haijachachamaa, mwenzangu alishika ndege nami nikarudi nyuma hatua 30, rimoti nimeipunguza nguvu ya mawimbi ili kupima kama mawasiliano yatakatika. Vibao vyote vya kuongozea ndege, vya mbawa na mkia, vilitii, kila kimoja upande wake. Tukarudisha nguvu kamili, tukafunga propela, nikairusha dakika 6. Mkia umetulia tuli.