Upana wa ukurasa wa tovuti: 960, 1140, 1200 au niachie ujae skrini nzima?

fundi_moro

Wakuu habari za jioni. Nina kazi ya tovuti ya jamaa mmoja hapa Moro anauza vifaa vya ujenzi, mabati, nondo, saruji, mbao, vitu hivyo. Kurasa zote zipo tayari ila tumekwama kwenye kitu ambacho sikudhani kingeleta mzozo, upana wa ukurasa. Mimi nimeweka pikseli 1140 katikati, kwenye laptopu yangu ya 1366 unakaa safi kabisa. Sasa bosi ofisini ana monita kubwa ya 1920, akifungua anaona ukurasa umesimama katikati halafu kushoto 390 na kulia 390 kweupe peee, ananipigia "mbona umeniachia uwanja mtupu huku pembeni, mimi nimelipia tovuti nzima". Nikajaribu kuuachia ujae mpaka mwisho, ukurasa wa Kuhusu Sisi ukageuka mistari mitatu mirefu kama reli, husomi ukamaliza.

Nikiuliza mtandaoni kila mtu ana namba yake, huyu 960, huyu 1200, huyu 1280, mwingine 1440. Namba sahihi ni ipi na zinatoka wapi hizi? Halafu wateja wake wengi wanabonyeza linki kutoka WhatsApp kwenye simu, je hesabu hii ya upana inawahusu na wao au ni ya watu wa kompyuta tu?

mzee_wa_kodi

Kijana hizo namba kila moja ni kumbukumbu ya skrini za wakati wake, si sheria. Sisi tulioanzia kwenye monita zile za kichogo zenye 800 kwa 600 tulikuwa tunatengeneza kurasa za 760 hivi, kwa sababu ukitoa baa ya kuskroli na kingo za brauza ndicho kilichokuwa kinabaki. Zikaja za 1024 kwa 768 watu wakahamia 960. Na 960 ilipendwa si kwa kuenea kwenye 1024 tu, ni kwamba inagawanyika bila salio, kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10, 12, 15, 16, kwa hiyo ukitaka safu tatu sawa, ukitaka nne sawa, hesabu haikusumbui. Mwaka 2008 mbunifu wa tovuti Nathan Smith akatoa ule mfumo wake wa 960 wenye safu 12 au 16 na ukaenea sana, ndiyo maana mpaka leo kuna watu wanaitaja 960 kama imeandikwa kwenye katiba.

Ila mwaka 2010 mbunifu mwingine, Ethan Marcotte, akaandika makala yake kuhusu kurasa zinazojinyoosha na kujikunja kufuata skrini, na kuanzia hapo swali la "ukurasa uwe na upana gani" likageuka kuwa "usizidi upana gani". Hapo ndipo wewe unapokwama, umeweka width 1140 (upana usiobadilika) au max-width 1140 (usizidi hapo)? Kama ni width tupu wale wa WhatsApp wanateseka huko.

dada_pikseli

Mzee kamaliza historia, mimi nikuongezee mambo mawili ya vitendo.

La kwanza, usimwamini mtu akikwambia skrini yake ni 1920. Windows kwenye laptopu nyingi za 1920 inakuja na ukuzaji wa asilimia 125 au 150, na brauza inahesabu baada ya ukuzaji huo, kwa hiyo ya 125 ukurasa unapata 1536 na ya 150 unapata 1280 tu. Kwa bosi wako inaelekea hakuna ukuzaji kwa sababu hesabu yako ya 390 huku na 390 kule inarudi kwenye 1920 kamili, lakini wateja wake hawako hivyo wote. Ukitaka kujua ukweli wa kompyuta yoyote fungua konsoli ya brauza andika window.innerWidth, namba itakayotoka ndiyo uliyo nayo mkononi.

Simu ndiyo hivyo hivyo na zaidi. Hizi simu za bei ya kawaida kioo kimeandikwa 720 kwa 1600, mtu anadhani ana 720 za kuchezea, kumbe kila pikseli ya CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa) inachukua mbili za kioo, ukurasa unapata 360. Hapo ndipo wateja wa WhatsApp walipo. Na ukisahau ile meta ya viewport kwenye kichwa cha HTML, mstari unaoiambia simu itumie upana wake halisi, simu inajifanya ina upana wa 980, inachora ukurasa mzima halafu inaufinya uenee, maandishi yanakuwa ya mchwa. Hiyo 980 imeanza na iPhone ya 2007 maana wakati ule kurasa zote zilikuwa za kompyuta, wakaona bora wazifinye kuliko kuzikata. Kwa hiyo kabla hujagombana na bosi kuhusu 1140 hakikisha huu mstari upo:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

La pili, kasha lenyewe, yaani ile fremu inayoshika maudhui ya ukurasa. Mimi naandika hivi na sigusi tena:

`.kasha { width: min(100% - 2rem, 1200px); margin-inline: auto; }`

Maana yake skrini ikiwa ndogo chukua yote ila niachie kinafasi pembeni, ikiwa kubwa usivuke 1200. Ukipenda 1140 weka 1140, hakuna atakayekufunga.

msee_wa_css

Niaje wasee, mimi niko Nakuru huku. Mnaongea poa lakini kuna kitu moja mnapita nayo mbio, upana wa ukurasa na upana wa maandishi si kitu moja. Fundi alisema mwenyewe ile page ya Kuhusu Sisi haikusomeka. Hesabu ni rahisi, herufi ya pikseli 16 kwa wastani inakula kama 8 hivi, so kwa 1140 mstari mmoja unabeba herufi kama 140, kwa 1920 ni 240! Watu wa vitabu wanapenda 45 mpaka 75, na WCAG, ule mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na kila mtu hata wenye macho mabovu, unasema usipitishe 80 kwa ile ngazi yake ya juu kabisa. Mstari ukiwa mrefu jicho linachoka, maana likifika mwisho likirudi kushoto linashika mstari wenye tayari limesoma.

So acha kasha likuwe 1200, lakini aya zenyewe uziwekee max-width ya 65ch. Ujue tu ch inapimwa na upana wa sifuri, na sifuri ni nono kuliko herufi nyingi, so 65ch kwa kweli inabeba karibu 75. Iko tu sawa.

Na hii nimeiona sana kwa tovuti za Kiswahili: template nyingi zimepimwa na maneno mafupi ya Kiingereza. Unachukua ile ya visanduku vinne kwa mstari, kwa 1140 kila kisanduku kinabaki na 255 hivi ukitoa nafasi za katikati, toa tena padding (nafasi ya ndani ya kisanduku), halafu unaweka kichwa cha pikseli 28 "Tunakusafirishia" na neno linagonga ukuta ama linatokea nje ya kisanduku. Weka vitatu, ama viwili, na uandike overflow-wrap: break-word, neno likikosa nafasi likatwe, ikuwe kama bima. Usipunguze herufi mpaka 12 ndio neno liingie, nimeona watu wakifanya hivyo na inauma macho.

kitofauti

Mimi nitapingana kidogo na ndugu yangu wa Nakuru, au tuseme namkubalia kwenye aya ila si kwenye kila kitu. Bosi wa vifaa vya ujenzi haandiki insha, ana bei. Orodha ya bei ni jedwali, na jedwali linataka nafasi. Ukimfungia jedwali lenye safu saba ndani ya pikseli 680 kwa sababu ulisoma mahali kuwa 680 inasomeka vizuri, unamkomoa tu.

Na malalamiko ya weupe pembeni msiyadharau, si ya bosi wa Moro peke yake. Wikipedia ya Kiingereza ilipobadilisha mwonekano wake Januari 2023 ikapunguza upana wa makala, watu walipiga kelele haswa, hoja ni hiyo hiyo, nimenunua skrini kubwa ninyi mnanionyesha weupe. Na kitufe cha kutanua kilikuwepo pale kwa anayetaka. Waliosema mistari mifupi inasomeka walikuwa na haki na waliosema skrini yangu inapotea bure nao walikuwa na haki, maana wengine wanasoma makala na wengine wanaperuzi majedwali.

Dawa ya bosi: rangi ijae, maandishi yasijae. Kichwa cha ukurasa, picha ya ghala, mkanda wa rangi nyuma ya huduma zake, vyote viende ukuta kwa ukuta. Ndani ya kila mkanda ndio unaweka lile kasha la dada. Akifungua kwenye 1920 anaona skrini yake imejaa, hatajua wala hatajali kuwa maneno yenyewe yameishia 1200. Nimewatulizia hivyo wateja wengi tu.

fundi_moro

Wakuu mmenisaidia sana. Mzee ni max-width, na meta ipo. Nimefanya ya mikanda na bosi amenyamaza, kwa yule kunyamaza ndiyo kusifu. Visanduku nimeviacha vitatu.

Yamebaki mawili. Jedwali la bei lina bidhaa, geji au milimita, urefu, rangi, bei ya rejareja, bei ya jumla na kama ipo ghalani, kwenye simu ya 360 linasukuma ukurasa mzima, ukiskroli kidogo kila kitu kinayumba kulia. Halafu tangu niweke mikanda kwenye kompyuta ya ofisini kumetokea kabaa ka kuskroli ka kulala huku chini, kanasogea kidogo sana tu, kwenye simu hakapo kabisa. Nimekatafuta nimechoka.

dada_pikseli

Mkanda umeupa width: 100vw, yaani upana wote wa dirisha, au siyo? Kwenye kompyuta 100vw inahesabu mpaka sehemu iliyo chini ya baa ya kuskroli ya wima, kwa hiyo mkanda wako umezidi kwa upana wa ile baa, kama pikseli 15 hivi. Kwenye simu baa inaelea juu ya ukurasa haili nafasi, ndiyo maana hukioni. Futa hiyo 100vw kabisa, div (kisanduku cha HTML) ya kawaida iliyo moja kwa moja ndani ya body inajaa yenyewe, ukilazimika weka 100%. Na usiende kuficha kwa overflow-x: hidden kwenye body, utakuwa umefunika shimo kwa jamvi tu.

Jedwali lifungie kwenye div yake yenye overflow-x: auto, liskroli lenyewe bila kuburuta ukurasa. Safu ya kwanza, jina la bidhaa, igandishe kwa position: sticky na left: 0 na uipe rangi ya nyuma, vinginevyo bei zitapita juu ya "Bati geji 30" zichanganyikane.

kitofauti

Na safu ya rangi itoe kwenye simu, iende chini ya jina la bidhaa kwa maandishi madogo. Mtu amesimama saiti anataka kujua bei na kama mzigo upo. Mimi ningeweka bei ya rejareja na "ipo/haipo" mara tu baada ya jina, jumla ifuate ndio urefu, hata asiyeskroli apate alichokijia.

msee_wa_css

Fundi kabla uikabidhi, fungua kwa laptopu yako uzoom mpaka 400%. Kwa skrini ya 1280 hiyo inakuletea 320, ndio kipimo WCAG wanatumia, kila kitu kisomeke bila kuskroli kwa kando, jedwali kama lako limesamehewa. Kuna wazee wananunua nondo na macho hayaoni vizuri, hao huzoom.

fundi_moro

100vw ndiyo yenyewe dada, kabaa kameondoka. 400% imekaa isipokuwa menyu, namba ya simu ya duka imeshuka mstari wa pili ikafunika nembo. Naishughulikia sasa hivi, bosi anataka kuituma kwenye magrupu kesho asubuhi.