Tupeane uzoefu: mliokwenda Iceland majira ya joto, mlijipangaje?

Mtu wa Pangani

Wakuu, habari za humu. Niko Aarhus, Denmark, huu mwaka wa saba. Julai mama anakuja kutoka Tanga, viza yake ya Schengen (ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Iceland ikiwemo) imeshatoka, na mke wangu ameshikilia kwamba safari hii hatumpeleki Legoland, tunampeleka Iceland. Tuko watano: sisi wawili, watoto wa miaka 6 na 9, na bibi yao wa miaka 64 ambaye baridi ya Lushoto tu inamfanya alale na soksi. Tuna siku nane.

Nimesoma tovuti za utalii mpaka macho yameuma, zote zinasifia tu. Nataka kusikia kwa mtu aliyekwenda akarudi mfuko umetoboka: kipi mlipanga kikaenda sawa, kipi kiliwatokea puani. Msinipe orodha, nipeni visa vyenu.

Kijukuu cha Same

Mkuu, anza na gari. Sisi tulikodi palepale uwanja wa ndege wa Keflavík, ilikuwa Juni, mimi, mke wangu na shemeji. Siku ya pili tukasimama pembeni mwa barabara kupiga picha farasi. Upepo ulikuwa unatokea nyuma ya gari. Shemeji akafungua mlango kama anavyoshuka kwenye daladala, ukamponyoka mkononi, ukaenda mbele mpaka bawaba zikalia, ukagonga bodi. Haukufunga tena. Siku nne tumetembea mlango umefungwa kwa mkanda wa begi, upepo unapiga mluzi ndani ya gari kama kuna mtu anachemsha chai.

Pale kaunta nilikuwa nimenunua bima karibu zote walizonionyesha, ya changarawe, ya mchanga na majivu. Tuliporudisha gari kijana akanigeuzia karatasi, akaweka kidole kwenye mstari: mlango uliochukuliwa na upepo haumo. Nililipa pesa ambayo ningeifanyia tiketi ya kwenda Dar. Tangu hapo naegesha pua ya gari ikiutazama upepo, na mlango unafunguliwa kwa mikono miwili. Mama yako usimwache ajifungulie mwenyewe hata mara moja.

La pili, usizunguke kisiwa. Barabara namba 1 ni kilomita 1,300 na ushee, kwenye karatasi siku nane zinatosha kabisa. Sisi tulizunguka kwa siku saba, na ninachokumbuka cha upande wa mashariki ni waipa. Kikomo ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami, 80 kwenye changarawe, na kuna madaraja ya njia moja ambapo aliye karibu zaidi ndiye anayetangulia. Halafu kondoo. Majira ya joto wanaachiwa wazurure mpaka Septemba. Ukimwona mama mtu yuko kulia kwa barabara na mwanawe yuko kushoto, kanyaga breki hapohapo, maana yule mdogo atamkimbilia mama yake wakati wewe ndio unapita.

Kwa bibi na watoto, shuka kusini tu: maporomoko ya Seljalandsfoss na Skógafoss, mji wa Vík, mwisho Jökulsárlón kwenye mabonge ya barafu yanayoelea. Kutoka Reykjavík ni kama kilomita 370. Mnarudi polepole njia ileile na hamtaichoka. Zile barabara zinazoanza na herufi F ni za gari linalovuta kwa magurudumu manne tu kisheria, na nyingi hazifunguliwi mpaka mwisho wa Juni au Julai. Zisahau.

Fundi wa Mvuke

Hamjambo nyote. Mimi natoka Naivasha na sikwenda kutalii. Nilipelekwa masomoni miezi sita, yale mafunzo ya jotoardhi ambayo Iceland imekuwa ikitoa tangu 1979. Wakenya tumepita huko wengi sana, ukienda Olkaria, kwenye mitambo yetu ya umeme wa mvuke, utatukuta. Kwa hiyo nitazungumzia maji.

Jioni ya kwanza nilifungua maji ya moto bafuni, nikasikia harufu ya yai viza. Nilitoka na taulo kiunoni kumtafuta msimamizi wa jengo, nikamwambia bomba la maji taka limepasuka. Yule mzee alicheka hadi akashika ukuta. Na mimi ni mtu wa mvuke! Harufu hiyo naijua kazini, ila sikutarajia kuoga nayo. Maji ya moto yanatoka ardhini, ndiyo pia yanayopasha nyumba joto, karibu tisa kati ya kumi nchini. Ya baridi ni safi kabisa na hayanuki, mnayanywa kutoka kwenye bomba. Mkinunua maji ya chupa mnatupa pesa. Ila ukitaka kunywa, acha yale ya baridi yatiririke kidogo kwanza.

Kila mtu atakwambia uende Blue Lagoon, lile bwawa la maji ya moto la watalii. Ni pazuri, sikatai, lakini ujue unalipia maji yaliyokwisha kufanya kazi kwenye mtambo wa umeme wa Svartsengi. Sisi Olkaria tuna bwawa la namna hiyohiyo. Pia liko karibu na Grindavík, mji ambao wakazi wake walihamishwa Novemba 2023, na tangu Desemba ya mwaka huo volkeno imelipuka pale mara kadhaa, bwawa likawa linafungwa na kufunguliwa. Ukikata tiketi, soma vizuri masharti ya kurudishiwa pesa.

Mimi ningekwambia nenda bwawa la mtaa. Kila mji unalo, maji ya moto, bei ya kawaida, wazee wamekaa humo wakijadili siasa. Lakini jitayarishe kwa jambo moja. Kabla ya kuingia unaoga kwa sabuni, UCHI, wanaume upande wao na wanawake wao, na mara nyingi hakuna pazia. Ukutani pana picha ya mtu imepakwa rangi sehemu za kusugua: kichwa, kwapa, kinena, nyayo. Mara ya kwanza niliingia na kaptula yangu, nikajimwagia maji kidogo nikawa nateleza kuelekea mlangoni. Mzee mmoja, naye kavaa alivyozaliwa, akanisimamisha akanionyesha ile picha. Hakukasirika, alinyoosha kidole tu. Niligeuka nikarudi. Hawatii dawa nyingi majini, ndiyo maana wako wakali.

Kitu cha mwisho, wapeleke Þingvellir. Bunge lao lilianzia pale mwaka 930, hilo wataelezwa na kibao. Kilichonishika mimi ni ule ufa wenyewe, bamba la Amerika Kaskazini upande mmoja, la Ulaya na Asia upande wa pili, yanaachana kama sentimita mbili kwa mwaka. Nimekulia ndani ya Bonde la Ufa. Nilisimama pale nikajihisi nimetembelea binamu.

Binti wa Chake

Asalaam aleikum. Fundi umenichekesha, lakini kweli tupu. Mimi mzaliwa wa Pemba, naishi Muscat. Tuliondoka na joto la 44, tukashuka kwenye 9 na mvua. Mvua yenyewe haianguki, inakuja kwa ubavu. Nilifungua mwavuli nje ya uwanja wa ndege, ukageuka bakuli. Nikauacha kwenye pipa, na humo pipani nikaukuta mwingine.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Pangani, mama umvalishe sufu ndani, koti lisilopitisha maji na upepo juu, na shungi alifunge kwa pini, si kwa kulitupia begani. Hata Julai. Siku ya jua kali kabisa tuliyopata ilikuwa nyuzi 15 na wenyeji walikuwa vifua wazi bustanini.

Sasa la jua. Sisi tulikuwa wiki ya tatu ya Juni. Magharibi saa sita usiku na dakika chache, na saa tisa kasoro jua limeshachomoza tena. Giza hakuna, ni kama ule mwanga wa kabla mvua haijanyesha. Nikagundua saa yetu ya Kiswahili haina pa kushika kule. Kwetu saa kumi na mbili jua linatoka au linazama, ndipo hesabu inapoanzia. Mama yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Chake akauliza, "Huko saa ngapi?" Nikamwambia saa tano usiku. Akauliza mbona nasikia watoto wanacheza nje. Walikuwa wanacheza kweli, mpira.

Sala tulifuata ratiba ya msikiti wa Reykjavík, Isha wanaikadiria kwa sababu ishara zake hazionekani. Kabla hujaondoka muulize shekhe wako, usije ukabishana na mkeo saa saba usiku kama mimi. Mwaka 2016 Ramadhani iliangukia Juni, na waliofuata jua lenyewe walifunga kama saa 22.

Chakula ni ghali, mkahawani ndiko pesa inakoishia. Chukua nyumba yenye jiko. Tulikwenda na mchele, bizari ya pilau na pilipili kavu, samaki tukanunua huko. Samaki wao jamani! Duka la bei nafuu linaitwa Bónus, nembo yake nguruwe wa pinki, usishtuke, ni kibubu. Cha kukushtua ni zile soseji za mkate zinazosifiwa kila kona: zina kondoo, ng'ombe NA nguruwe ndani. Mdogo wangu alikuwa ameshainua mkono kuagiza.

Halafu majina yao. Mwenye nyumba aliitwa fulani Jónsdóttir, mumewe jina jingine kabisa, mtoto wao wa kiume jingine. Nikadhani ni ndoa yenye mambo. Kumbe ni binti Jón, wengi wao hawana jina la ukoo. Nikamweleza kwetu ni hivyohivyo, bin na binti. Tangu hapo kila asubuhi alikuwa ananiletea mkate.

Shamba la Mawe

Mimi la haraka kutoka Nairobi. Tiketi! Nilipata bei nzuri, Nairobi hadi London, kisha ndege nyingine ya kwenda Keflavík, tiketi mbili tofauti. Schengen ninayo, nikaona niko salama. Pale kwa kaunta ya JKIA dada akaniuliza viza ya Uingereza iko wapi, kwa sababu begi lilitakiwa litoke London niliingize upya. Uingereza haiko Schengen. Sikupanda ndege siku hiyo. Wa Aarhus halikuhusu, lakini kuna wenzangu watasoma hapa wakiwa Kisumu na Mwanza.

Na kama mmezoea kuendesha kushoto kama sisi, kule ni kulia, na kwenye roundabout ya njia mbili aliye njia ya ndani ndiye mwenye haki akitoka. Nilipigiwa honi Reykjavík nzima.

Mama Pacha

Nitasema la watoto tu. Ufuo wa mchanga mweusi wa Reynisfjara, karibu na Vík, utauona kwenye kila picha. Watu wamekufa pale, zaidi ya mmoja. Sisi wa pwani tunajidai tunaijua bahari. Nilikuwa nimesimama mbali na maji, kwa macho yangu mbali sana, mchanga mkavu, pacha mmoja anachora kwa mti. Mawimbi sita saba yalikuja madogo, yakaishia kulekule. Lililofuata halikuwa refu, lilikuwa na mbio. Lilipita pale lilipotakiwa kuishia, likaja tu. Nilimnyanyua mtoto kwa kofia ya koti, maji yakanifika magotini yakawa yananivuta mchanga chini ya viatu. Kiatu chake kimoja kiko baharini mpaka leo. Pana taa za tahadhari na mpaka unaoruhusiwa kufika. Zitii, na bahari msiipe mgongo.

Baada ya hapo ndege wanaoitwa kría waliwachekesha. Wanataga chini majira ya joto, ukikaribia wanakushambulia utosini. Inua fimbo juu ya kichwa, wanapiga kilicho juu zaidi. Baba yao hakuinua.

Kulala ndiyo ilikuwa shida. Saa nne usiku wananiambia, "Mama, bado mchana."

Kijukuu cha Same

Nimesahau: kuna maegesho ya vivutio hayana geti wala mtu, kamera inasoma namba ya gari. Lipeni kwa simu palepale, la sivyo deni linapitia kwa mwenye gari naye anaongeza yake. Na pampu za mafuta nyingi ni za kujihudumia, zinataka kadi yenye namba ya siri.

Mtu wa Pangani

Wakuu, mmenivusha. Mke amekubali tuachane na kuzunguka kisiwa. Usiku mmoja Reykjavík, sita kusini kwenye nyumba yenye jiko, wa mwisho karibu na uwanja wa ndege.

Nimempigia mama nikamsomea yote, na la bwawani pia, nikaona nilimalize kabla hajafika. Akanyamaza, nikajua safari imekufa. Kisha akasema, "Sasa mwanangu, mimi nimeoga mtoni na wanawake wenzangu tangu mdogo, nani kakwambia mimi ndiye nitaona haya? Jihofie wewe." Swali lake ni mbu. Anauliza abebe chandarua?

Fundi wa Mvuke

Mwambie asibebe. Ilikuwa inasifika kuwa nchi isiyo na mbu hata mmoja, hadi Oktoba 2025 walipopatikana watatu. Watatu, na ikawa habari ya dunia nzima! Wasumbufu ni vile visubi vya ziwa Mývatn, lakini hiyo ni kaskazini, hamfiki.

Binti wa Chake

Chandarua aache, abebe kanga. Mapazia ya nyumba tuliyopanga yalikuwa mepesi, tulilala siku mbili na mito usoni. Siku ya tatu tukatundika kanga dirishani. Moja haitoshi, mwanga unapenya. Kunja doti nzima, na usisahau vibanio vya nguo, mimi nilivitafuta Vík nzima nikakosa.