Duka la vitambaa Mkunazini nataka liwe bekari, naomba ushauri

Assalaam aleikum ndugu zangu. Marehemu baba katuachia duka la vitambaa Mkunazini, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na biashara hiyo sasa imelala. Dada zangu wamekubali tuligeuze bekari ya mikate ya boflo na ya ufuta.

Kinachonitia wasiwasi ni nyumba yenyewe. Ni ya mawe na chokaa, ghorofa moja juu, dari la boriti za mikoko. Chumba chembamba kama unavyojua nyumba zetu, upana wake ni urefu wa boriti. Tanuri litaingia wapi? Na moshi utoke wapi, wakati jirani anaanika nguo uchochoroni?

Fundi wangu anataka kupiga plasta ya saruji ukutani. Mzee mmoja kanikataza: saruji inafungia unyevu ndani, chumvi inakula jiwe. Mie namuamini mzee, fundi anajua nyumba za matofali tu.

Najua Mji Mkongwe umo urithi wa dunia tangu 2000, kwa hivyo kibali cha Mamlaka ya Hifadhi lazima. Aliyewahi kubadilisha matumizi ya duka, alianzia wapi: michoro au leseni? Na tanuri la umeme linamtosha anayeanza?