Shahada ya uzamili ya elimu ya viungo: nitafute umahiri gani?

Swali
Walimu wenzangu, nafundisha sekondari hapa Kenya, na kwa kuwa mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo umeanza Gredi ya 10 mwaka 2026, nataka kusomea uzamili. Je, programu nzuri hujenga umahiri gani?

Jibu la kwanza
Mwalimu, tazama kwanza upimaji. Mwanafunzi akiruka mita 3 leo na mita 3.4 mwisho wa muhula, unapaswa kueleza kama kilichobadilika ni kasi ya kukimbilia, mguu wa kurukia au namna ya kutua. Bila fiziolojia (elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi) na biomekanika (elimu ya nguvu na mwendo wa mwili), alama unayompa ni makisio tu.

Jibu la pili
Naafiki, lakini usisahau elimu jumuishi. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1978, uliorekebishwa 2015, unaitambua elimu ya viungo kuwa haki ya kila mtu. Niliwahi kumwona mwanafunzi asiyeona akikalishwa kivulini kila kipindi, ilhali mpira wenye njuga ndani ungemwingiza mchezoni. Inaniuma hadi leo. Uliza pia kama wahadhiri husimamia ufundishaji uwanjani, kwa maana tasnifu pekee haitoshi.

Mwuliza swali
Asanteni sana. Nitauliza kuhusu usimamizi huo kabla ya kujaza fomu.