Simu ya upepo enzi za Wajerumani: kwa nini Bukoba?

Mwanakagera: Habari zenu wanajukwaa. Nafundisha historia sekondari, na wanafunzi wangu wameniuliza jambo ambalo vitabu vyetu vinalipita haraka. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walijenga mitambo ya simu ya upepo, yaani ya kupeleka ujumbe hewani bila waya, Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Dar es Salaam naielewa, lakini Bukoba ilikuwa na nini hata ipewe mtambo wa gharama namna ile? Na mitambo hiyo iliishia wapi?

Mzizima: Mwalimu, sababu ni ziwa. Waya wa simu ulikwisha kufika Mwanza kutoka pwani kwa njia ya Tabora, ila Bukoba ilibaki ng'ambo, ikitegemea meli. Opereta wa Bukoba alipobonyeza kitufe, cheche ziliruka mtamboni, na mwenzake wa Mwanza, vipokea sauti masikioni, alisikia milio mifupi na mirefu ya Morse, akaiandika herufi kwa herufi, kisha ujumbe ukaendelea pwani kwa waya. Haikuwa redio ya kumsomea raia habari. Ilikuwa chombo cha serikali, jeshi na wafanyabiashara.

Dar es Salaam ilikuwa na shida yake. Waya wa chini ya bahari ulioiunganisha na dunia ulipita Zanzibar, mikononi mwa Waingereza, ambao wangeweza kuukata siku yoyote vita ikizuka. Kwa hiyo mnara wa simu ya upepo ndio uliolengwa mapema: tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, iliushambulia mji, na Wajerumani wenyewe wakauangusha mnara wao ili usitekwe.

Msomaji wa Tabora: Naomba niongeze kiungo kimoja ambacho naona hakifai kuachwa. Tumaini kubwa la Wajerumani la kuwasiliana na kwao lilikuwa kituo cha simu ya upepo cha Kamina, katika koloni lao la Togo, kilichowasiliana na kituo cha Nauen karibu na Berlin. Nacho walikibomoa wenyewe usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 1914, Waingereza na Wafaransa walipokaribia. Mwanza ilitekwa Julai 1916, na tangu hapo jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, lilizidi kutengwa na Ujerumani. Mwalimu, waeleze wanafunzi wako kwamba Novemba 1918 kamanda huyo alipata habari za kusimamishwa kwa vita kutoka kwa tarishi wa Kiingereza aliyekamatwa na askari wake, siku 2 baada ya bunduki kunyamaza Ulaya, na akasalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 mwezi huo.