Alhamisi napimwa mlango wa kizazi, nijiandaeje?

Shikamooni dada zangu. Nina miaka 36, watoto watatu, sijawahi kupimwa. Shangazi yangu aliondoka na saratani hii. Alipofika hospitali alikuwa anatoka damu kwa miezi. Naogopa kweli. Ninyoe? Nijisafishe ndani kwa maji ya limau? Na kinauma?

Mama Zuhura: Marahaba, pole kwa shangazi. Usijisafishe ndani kabisa, si limau wala sabuni. Osha nje tu. Siku mbili kabla usikutane na mzee wala kuweka dawa ukeni. Ukiingia hedhi, omba siku nyingine. Kunyoa si lazima. Mimi nilivaa dera nikabeba khanga ya kujifunika mapajani, ikanisaidia sana. Kile kifaa wanachoingiza kufungua uke ni cha baridi, unahisi kubanwa. Ukikaza mapaja ndiyo kinauma, kwa hiyo pumua taratibu.

Muuguzi mstaafu: Kama ni kipimo cha siki, wanapaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, wanasubiri kama dakika moja, wanaangalia panapogeuka peupe. Mwanangu, weupe huo si lazima uwe saratani. Huweza kuwa mabadiliko ya awali, kabla hayajawa saratani, na vituo vingine huyatibu siku hiyo hiyo. Anayeishi na VVU aanze kupimwa akiwa na miaka 25, wengine 30.

Muulizaji: Asanteni sana. Nitakwenda na mdogo wangu, ana 31. Khanga nimeshaiweka kwenye mkoba.